Mwenye Lupango na karatasi zangu 14

Neno lililoua kichekesho ni "mwenye nyumba". Nililiandika mimi, kwenye ukurasa wa 6 wa karatasi 14 nilizolipwa dola 200 kuzitengeneza, na siku nilipoliandika niliona fahari: nimeondoa neno la mtaani, nimeweka la kamusi. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa nilichofanya, na hata hapo sikuelewa peke yangu. Nilieleweshwa na mtu niliyemharibia kazi.

Mtu huyo ni mchekeshaji wa hapa Lubumbashi, Kongo, mzee sasa. Jina lake sitalitaja, maana hakuniomba nimwandike. Hata hivyo watu wa Kenya na Katuba hawamwiti kwa jina lake (Kenya ya kwetu ni komini, yaani sehemu ya mji, si ile nchi). Wanamwita Mwenye Lupango. Kwa wasomaji wa mbali: lupango ni kiwanja kilichozungushiwa ukuta au ua, pamoja na kila kilichomo ndani. Mbele nyumba ya mwenyewe, nyuma vyumba vitatu vinne vya kupangisha, bomba moja, choo kimoja, na ugomvi usioisha. Neno ni la Kibemba, limo katika Kiswahili chetu tangu zamani, na mtu wa hapa akikuambia anaenda "ku lupango" hujiulizi maana yake. Mwenye lupango ndiye mwenye mali. Mzee huyu amemwigiza mtu huyo kwa zaidi ya miaka 30.

Kichekesho chake kinachojulikana zaidi hakijawahi kuwa na maandishi. Kinakwenda hivi. Jumapili asubuhi Mwenye Lupango anakuja kudai kodi ya miezi minne. Amevaa tai juu ya fulana. Mlangoni anamkuta mke wa mpangaji. "Hayuko, papa. Alienda Likasi." Likasi ni kama kilomita 120 tu, mtu anaweza kwenda akarudi siku hiyohiyo, basi Mwenye Lupango anaomba kiti, anakaa uani, anasema atangoja. Jua linapanda. Anaomba maji. Bukari, yaani ugali wetu, inaiva, harufu inamfikia, na wenyeji hawawezi kula huku mgeni anawatazama, hata kama mgeni mwenyewe amekuja kuwafukuza. Anakaribishwa. Kuku yupo, kwa kuwa ni Jumapili. Anamega, anachovya, anasifu mchuzi, kisha jicho lake linaangukia firigisi.

Hapo ndipo penyewe. (Kwetu "njo" ni "ndiye" au "ndiyo", "eyo" ni "ndiyo" ya kukubali, na "tunalipaka" ni "huwa tunalipa".) Anapeleka mkono, mama anaivuta sahani.

"Apana, papa. Ile iko ya mwenye nyumba."

"Mi njo mwenye lupango, mama!"

"Eyo. Lupango iko yako. Nyumba njo yetu, tunalipaka."

"Munalipaka?" Anawageukia watazamaji, anaonyesha vidole vinne, haongezi neno. Kisha polepole, kama mtu aliyeokota funguo barabarani: "Na huyu mwenye nyumba, si alienda Likasi? Atakula saa ngapi?"

Kimya. Nyuma ya pazia mtu anakohoa.

Nimeliona igizo hili mara saba au nane, na sijawahi kuona ukumbi uliovumilia kikohozi hicho. Kinachofuata, mama anapopiga hesabu ya Jumapili 16 ambazo Mwenye Lupango amekuja kudai na kila mara akala, mpaka yeye ndiye anayebaki na deni na kuomba apewe muda, ni kizuri pia, lakini watu wanakuwa wameshachoka mbavu. Wanacheka kwa heshima. Kicheko chenyewe kimetokea kwenye firigisi.

Mwaka 2018 alikuja mfanyabiashara mmoja wa video. Wazo lake halikuwa la kijinga. Malori ya shaba yanayotoka kwetu yanapita Kasumbalesa, yanavuka Zambia mpaka Nakonde na Tunduma, yanashuka bandari ya Dar es Salaam. Yanarudi na bidhaa, madereva na filamu za Bongo. Kwa nini njia hiyo ipeleke filamu upande mmoja tu? Alitaka Mwenye Lupango aonekane Goma, Bukavu, Bujumbura, na Tanzania yenyewe. Ila, alisema, Kiswahili cha hapa hakiuziki. Kinahitaji kusafishwa. Ndipo akatafutwa mtu wa kusafisha, nikapatikana mimi, mwalimu, niliyesoma sarufi ya ngeli na kuipenda, na ambaye kwa miaka mingi nimewasahihisha wanafunzi waandike "watu" na si "batu", "vitu" na si "bintu".

Niseme kwa kujitetea kidogo kwamba sisi watu wa Katanga tumelelewa kuona aibu juu ya Kiswahili chetu. Kuna kile tunachokiita Kiswahili bora, kilichofunzwa na wamisionari, hasa Mapadri Weupe wa upande wa Ziwa Tanganyika; ndicho cha vitabu na cha sala. Halafu kuna cha kazini na mtaani, kilichokomaa kwenye kambi za Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba iliyoundwa mwaka 1906 na kukusanya watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Rwanda na Burundi, kila mmoja na lugha ya mama yake. Cha kwanza tunakisifu. Cha pili tunakizungumza. Nilipopewa kazi ile nilidhani namwinua mzee kutoka cha pili kwenda cha kwanza.

Nilikaa naye siku tatu kwenye lupango wake, nikarekodi kwa simu, nikaandika. Mwenye lupango nikamfanya mwenye nyumba. Ndivyo wanavyosema kuanzia Mombasa mpaka Mbeya: anayekupangisha ni mwenye nyumba, wewe ni mpangaji. Kamusi inakubali. Mimi nikakubali.

Sasa weka neno hilo mezani. Mama anaivuta sahani na kusema: "Hapana, baba. Hiyo ni ya mwenye nyumba." Anamwambia nani? Mwenye nyumba! Katika Kiswahili nilichokiandika, mama anamkabidhi firigisi yule anayetaka kumnyima. Kwetu kuna watu wawili wenye majina mawili: mwenye lupango ni wa ardhi na ukuta, mwenye nyumba ni baba wa jamaa anayelala humo, hata kama analala kwa deni. Igizo zima linasimama juu ya ufa mwembamba ulio kati ya majina hayo. Nani mkubwa hapa, mwenye hati au mwenye jamaa? Firigisi ndiyo inayouliza, maana firigisi haigawanywi. Mimi niliuziba ule ufa kwa saruji ya kamusi, nikapitisha mwiko juu yake.

Mbaya zaidi, yeye aliliona. Siku ya kurekodi, Katuba, umeme umekatika na jenereta inanguruma, alishika ukurasa wa 6 mbali na macho yake kama wazee wanavyoshika, akaniuliza: "Mwalimu, huyu mwenye nyumba iko miye, ao iko bwana ya huyu mama?"

"Ni wewe, papa."

Akasoma tena. "Basi nitaikula," alisema. "Maneno inaishia hapa."

Nilimjibu kwamba tutaonyesha tofauti kwa sauti. Sijui nilimaanisha nini. Nadhani sikumaanisha kitu; nilikuwa nalinda karatasi zangu. Naye, kwa kuwa nilikuwa mwalimu na yeye ni mtu aliyeacha shule mapema, alinyamaza. Heshima ya aina hiyo ina madhara yake, na sisi tuliosoma tunaizoea upesi.

Makosa madogo yalikuwa mengi. Nitataja mawili, moja kwa sababu linanichekesha na lingine kwa sababu halinichekeshi.

La kwanza ni pesa. Mwenye Lupango akidai kwa ukali husema "franka yangu". Akishaona bukari inaiva na moyo wake umelainika, husema "tufranga twangu". Kiambishi hicho cha ka- na tu- ni mali yetu ya thamani: katoto, tutoto, kanyumba, tunyumba. Kinapunguza ukubwa, lakini pia kinabembeleza, kinadharau, kinaomba msamaha, vyote kwa pamoja, na sauti ndiyo inayochagua. Nikatafuta cha kufanana nacho katika Kiswahili sanifu, nikapata "vijisenti". Kisarufi ni sahihi kabisa. Ila mwaka 2008 waziri mmoja wa Tanzania aliyedaiwa kuwa na zaidi ya dola milioni moja katika akaunti kisiwani Jersey aliziita "vijisenti", akalazimika kujiuzulu, na tangu siku hiyo neno hilo kule halisikiki bila yeye kuonekana nyuma yake. Mzee wangu maskini, mwenye vyumba vitatu vya matofali, akafika Dar es Salaam kwa mdomo wa waziri yule.

La pili ni ngazi. Mwenye Lupango anaingia kwa Kifaransa. Ni Kifaransa cha barua ya notisi, cha mtu aliyeshika hati, na tai ile ni sehemu ya Kifaransa hicho. Akishakaa kwenye kiti, jua likamchoma, anateremka kwenye Kiswahili. Akishaona chakula anateremka tena, anamwita mama kwa Kibemba, lugha ya bibi yake, lugha ambayo mtu hadai kodi ndani yake. Watazamaji wanamwona akishuka ngazi moja baada ya nyingine mpaka anafika chini, kwenye sahani. Na alipofika chini kabisa ndipo mama anapomsimamisha. Mimi niliandika karatasi 14 kwa lugha moja, nzuri, iliyonyooka. Hakukuwa na ngazi. Aliingia akiwa chini na akatoka akiwa chini.

Mtu asidhani kwamba michezo ya namna hii inakosa maandishi kwa sababu wachezaji ni wavivu au hawajui kuandika. Ni ufundi wenye ukoo. Mkubwa wa ufundi huo mjini kwetu ni Mufwankolo, aliyejulikana kila nyumba yenye redio na baadaye televisheni, pamoja na kundi lililobeba jina lake, wote wakicheza kwa Kiswahili cha Lubumbashi bila kukionea haya. Mwaka 1981 michezo yao ilichapishwa kitabuni huko Vienna na Walter Schicho na Mbayabo Ndala. Halafu mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha chuo kikuu cha hapa kuanzia 1972 hadi 1974, alirudi na kuwafuata hatua kwa hatua wakitunga igizo jipya kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima, hayagawanywi. Walijadiliana habari yenyewe, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakabadilisha, wakajaribu tena. Maneno ya mwisho yalizaliwa midomoni wakati wa kucheza. Na msemo ule Fabian aliusikia wapi? Mezani, kuku ameliwa na zamu imefika ya firigisi.

Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Mzee wangu hajawahi kusoma kitabu chochote cha Fabian. Alipata firigisi yake mahali palepale kila mtu wa hapa anapoipata, kwenye sahani ya baba yake.

Baba huyo alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, wa kiwanda chenye bomba lile la moshi linaloonekana mji mzima. Mwana alizaliwa 1955, akaingia Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi ya Union Minière, kama fundi umeme mwaka 1976, akawa mchekeshaji jioni. Ni muhimu kukumbuka mpango huo: mshahara, nyumba, kiloba cha unga, hospitali na shule ya watoto vilitoka kampuni, na kichekesho kilitoka moyoni. Ukumbini alilipwa nauli na bia. Hakuona kwamba anadhulumiwa, kwa kuwa kulikuwa na kampuni. Mgodi wa Kamoto ulipoporomoka Septemba 1990, mishahara ikaanza kuchelewa, kisha ikasahaulika. Ndipo wachekeshaji wa kizazi chake walipogundua kwamba hawakuwa na kazi mbili. Walikuwa na moja, nayo imekufa. Mwaka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa fedha za kuagana na kampuni. Naye alikuwemo. Wengine walinunua gari la taksi likafa baada ya mwaka, wengine walilima. Yeye alijenga vyumba vitatu nyuma ya nyumba yake akapangisha. Kwa hiyo alikuwa amemwigiza mwenye lupango karibu miaka 20 kabla ya kuwa mwenye lupango. Wapangaji wake wa kweli, akija kudai, wanamkoholea kutoka ndani. Hana la kufanya. Anacheka, anarudi mbele. Mkewe hapendi mchezo huo hata kidogo.

Kikohozi. Sasa nifike kwenye kosa langu kubwa la pili, baada ya lile la "mwenye nyumba", ambalo nililifanya bila kujua na ambalo ningelifanya tena kama nisingeambiwa.

Nilipokuwa naandika niliona igizo lina pengo. Mpangaji, mtu ambaye habari yote inamhusu, haonekani. Anakohoa tu. Nikasema huo ni ukosefu wa mwigizaji, kundi dogo, umaskini. Kwa kuwa mfanyabiashara alikuwa na fedha za kumlipa kijana mmoja zaidi, nikamwandikia mpangaji nafasi: kwenye ukurasa wa 9 anatoka chumbani, anasimama katikati na kutoa maneno marefu juu ya maisha magumu na mishahara. Maneno mazuri. Nililia kidogo nilipoyaandika. Na ile "alienda Likasi" nikaibadilisha kuwa "amesafiri", maana nani huko Bujumbura anajua Likasi?

Zamani mpangaji alikuwepo. Aliigizwa na rafiki yake wa Gécamines, Mluba wa Kasai, aliyekuwa na Kiswahili chenye mwendo wa Kitshiluba kiasi kwamba akisema "jambo yenu" tu watu wanacheka, naye anacheka nao. Katika miaka ya 80 lafudhi ilikuwa kitu cha kutaniana. Mbemba alitaniwa, Mluba wa hapa alitaniwa, wa Kasai alitaniwa zaidi kwa sababu walikuwa wengi na walisemwa kuwa wanapenda tai na Kifaransa. Ile tai juu ya fulana ilianza shingoni mwa rafiki huyo, si kwa Mwenye Lupango. Kisha kampuni ikamhamishia Likasi. Akawa anakuja Jumamosi kucheza na kurudi Jumatatu.

Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, na huku kwetu maneno ya wanasiasa yaliyokuwa yakichochewa muda mrefu yakawa moto. Watu wa Kasai walifukuzwa majumbani, Likasi kwanza, kisha Kolwezi mwaka uliofuata. Waliozaliwa hapa, ambao baba zao waliletwa na Union Minière, waliambiwa warudi kwao. Walikaa stesheni wiki na miezi wakingoja behewa, na wengi walifia hapohapo au njiani. Rafiki yake alipanda garimoshi la kwenda Mwene-Ditu na mke na watoto. Hakurudi.

Mzee aliniambia haya akiwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anatengeneza swichi, bila kuinua macho. Kundi lilinyamaza karibu miaka miwili. Walipotaka kuanza tena, mwigizaji mwingine alijitolea kumcheza mpangaji na hata kuiga lafudhi ile. Wakajaribu mara moja. "Batu balikataa kucheka," alisema. Hakueleza zaidi, hakukuwa na haja. Lafudhi iliyokuwa utani mwaka 1988 ilikuwa imegeuka kitambulisho cha kumtafutia mtu stesheni. Wakaondoa nafasi ile. Mama akabaki mlangoni peke yake, na alipoulizwa mumewe yuko wapi, usiku ule wa kwanza, alijibu tu, bila kupanga: alienda Likasi.

Kumbe ndiyo maana. Nilikuwa nimegundua, nikiwa mtazamaji, kwamba sentensi hiyo ikitamkwa wazee ukumbini hutoa sauti ndogo, kama mtu anayesogea kwenye kiti, na vijana hawatoi. Nilidhani ni mazoea ya igizo la zamani. Na kikohozi nacho, kinachowapasua mbavu watu wa rika zote, kwa baadhi yao kinasema jambo moja zaidi: yupo. Hayuko, alienda Likasi, na yupo. Mimi nilimtoa mtu huyo nje, nikampa hotuba ya ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili sanifu, kwa mdomo wa kijana wa miaka 24 aliyezaliwa baada ya yote hayo.

"Juu ya nini hukuniambia, papa?"

"Hukuniuliza, mwalimu. Uliuliza maneno. Hukuuliza batu."

Video ilifanyaje? Vibaya, na hakuna mengi ya kusimulia. Rafiki yangu wa Goma aliandika akiuliza kama huyo baba ni mhubiri. Dar es Salaam, kwa maelezo ya mfanyabiashara, walisema Kiswahili ni kizuri na wakauliza vichekesho viko diski ya pili au vipi. Hapa nyumbani watu walicheka mahali pamoja tu, kila Mwenye Lupango alipotamka "tafadhali". Malipo ya mzee yalikuwa yagawanywe mara tatu. Ya tatu hayajafika hadi leo. Yangu yalilipwa kamili, jambo ambalo sijajua nilifanyie nini.

Wapo watakaosema kosa lilikuwa kutaka kuvuka mipaka, kwamba kichekesho cha Lubumbashi kibaki Lubumbashi. Sikubaliani nao. Watu wetu wamecheka miaka mingi kwa filamu za Kitanzania zenye maneno ambayo nusu yake hatuyatumii. Hatukuomba zisafishwe, tulijifunza. Mtazamaji wa Dar angejifunza "lupango" kwa dakika mbili, kama alivyojifunza maneno mengine ya kuja. Tungeacha firigisi ifanye kazi ya kufasiri. Mimi sikumwamini mtazamaji, wala sikumwamini mchezaji. Niliamini kamusi, na kamusi haikuwa imeulizwa swali sahihi.

Agosti 2022 alinipigia simu. "Mwalimu, zile karatasi, ungali nazo?" Nilikuwa nazo, kwenye bahasha, chini ya madaftari ya kusahihisha. Akasema nimletee Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia, Katuba, na nisiulize.

Pazia, kiti, meza, sahani. Mwenye Lupango akaingia na tai yake, lakini safari hii hakuanza kwa Kifaransa. Alikuwa na mkataba mkononi. Nilitambua mwandiko wa mashine yangu kutoka safu ya nne. Akasimama wima akaanza kusoma, kwa sauti ya padri wa Jumapili, kila neno nililoliandika: tafadhali, mpangaji, vijisenti, aidha, hususani. Ukumbi ulianza kuyumba. Kila alipomaliza sentensi alimtazama mama kwa ushindi, na mama akajibu "Eyo, papa" kama mtu anayemjibu mgonjwa. Kiswahili changu bora kilikuwa kimepewa nafasi yake kwenye ngazi: juu kabisa, juu ya Kifaransa.

Bukari ikaja. Kuku akaja. Alipotaka firigisi, mama akaivuta sahani. Naye akapekua karatasi, akapata ukurasa wa 6, akaweka kidole.

"Hapa banaandika: ya mwenye nyumba."

"Na mwenye nyumba njo nani?"

Akageuza ukurasa, akatazama nyuma yake, hapakuwa na kitu. Akaurudisha. "Karatasi inasema ni miye."

"Basi bwana yangu njo nani?"

Kikohozi.

Sijui kelele zile zilichukua muda gani. Ninachokumbuka ni mzee mmoja mbele yangu, mwenye kofia, aliyekuwa amesimama na kupunga leso kama yuko stesheni. Jukwaani mama hakungoja zitulie. Aliuchukua ukurasa wa 6 kutoka mkononi mwa Mwenye Lupango, akaiweka firigisi juu yake, akaukunja vizuri kama wanavyokunja karanga sokoni, akaenda mpaka kwenye pazia. Mkono ukatoka, ukaupokea, ukarudi ndani.

Baada ya igizo nilimfuata nyuma kumsalimia. Alikuwa anavua tai. Alinirudishia bahasha, ina mafuta pembeni. Nilihesabu karatasi nyumbani: zilikuwa 13.